Mwali Aliyetoka na Mlango Wake

Ruhembe huaniki nguo kabla hujatazama upepo unaelekea wapi. Msimu wa miwa ukifika, mashamba huchomwa ili majani makavu yaishe na wakataji wapate kupita, na ule moto ukishika unanguruma kama lori linalopanda mlima. Baadaye yanashuka majivu meusi, marefu kama nyuzi. Yanatua juu ya shuka, juu ya mahindi yaliyoanikwa, juu ya kichwa cha mchungaji akiwa anaaga waumini mlangoni pa kanisa. Ukiyafuta kwa mkono umeharibu, yanapaka. Unayapuliza tu polepole, kama unavyopuliza uji wa mtoto. Mgeni utamjua kwa mashavu yake, maana yeye hufuta.

Nimekaa huko tangu marehemu mume wangu alipopata kazi ya kukata miwa, nikashuka naye kutoka milimani upande wa Kilosa. Siandiki haya ili nilalamike. Miwa imenijengea nyumba ya bati na imenisomeshea watoto. Lakini moshi ni moshi, na bomba la kiwanda nalo halilali msimu mzima. Sisi wazee tunakohoa, tunatema, tunaendelea na shughuli. Wanaonipa mawazo ni vijana, hawa waliovuka utoto na ukubwa hawajaufikia, ambao kifua bado kinajijenga. Pita karibu na sekondari asubuhi msimu wa kuchoma, wakati wamepanga mstari. Utasikia wimbo ukikatwakatwa na vikohozi, mpaka mwalimu anaanza kukohoa naye ili asionekane amebaki peke yake.

Mjukuu wangu alikuwa mmoja wao. Ni mtoto wa binti yangu anayeuza nguo Magomeni, pale Kilosa mjini. Nilimchukua mimi tangu alipoacha ziwa, kwa sababu nyumba isiyo na mtoto ni ghala. Namwita mke mwenzangu, kama ilivyo ada ya bibi na mjukuu wa kike, na yeye hunijibu kwa jeuri inayolingana na cheo hicho.

"Mke mwenzangu, mbona vyombo vimelala bila kuoshwa?"

"Nimekuachia wewe mke mkubwa. Si wewe uliyelipiwa mahari?"

Mdomo anao. Kifua ndicho kilichokuwa kinamwangusha. Ana pumu. Wakianza kuchoma miwa, kifua chake kilipiga mluzi kama birika, na mabega yakawa yanapanda na kushuka kama ya mtu anayetwanga. Kituo cha afya walimpa kile kipampu cha kuvutia dawa mdomoni. Mimi nikamwambia asikiguse mpaka azidiwe kabisa, maana mtaani kwetu wote tulikuwa tunajua kwamba dawa ile ukiizoea haikuachi tena. Naye alifurahi nilivyomkataza, kwa kuwa wenzake shuleni walikuwa wanamwambia ana sabufa kifuani na hakutaka waone anavuta dawa. Basi kwa ubishi wa mzee na aibu ya kijana tukapatana vizuri. Kipampu kikakaa kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni.

Mwaka aliovunja ungo tulisubiri likizo ya mwezi wa sita ndipo tumweke ndani. Zamani mwali alikaa ndani mpaka ngozi ing'ae. Siku hizi tunamtoa kabla shule hazijafunguliwa, kwa sababu mwalimu mkuu hana habari na ungo wa mtu. Mchungaji alisema yeye hana neno, ilimradi nyimbo ziwe za adabu. Nyimbo tulizomwimbia yeye zilikuwa za adabu.

Kwetu mwali hutoka kwa kucheza. Anatokea mlangoni amefunikwa, ngoma inalia, anafunuliwa, anazunguka uwanja mzima mbele ya watu wa ukoo wa mama yake mpaka arudi alipoanzia. Asiyeweza hubebwa mabegani na mjomba wake. Hilo si kosa. Ila watu hukumbuka. Mpaka leo kuna bibi mwenzangu ana vitukuu, na bado akipita utasikia mtu anasema, huyu alibebwa.

Siku moja kabla ya kuingia ndani, mtoto alinifuata nikiwa napepeta mchele.

"Bibi, mimi sibebwi."

"Nani amesema utabebwa?"

"Nimewasikia na mjomba kwenye simu. Mnasema moshi ukizidi atanibeba. Mimi nitacheza."

"Na kifua?"

"Kifua changu, miguu yangu. Ninyi pigeni ngoma tu."

Nilimfukuza na ungo mkononi. Lakini neno lake lilinikaa. Nikaona kazi yangu mimi ni moja, kumkinga na moshi wa miwa mpaka siku yake ifike.

Nikaifanya kazi hiyo kama ninavyofanya kazi zangu zote. Chumba cha mwali ni kile cha ndani. Dirisha lake nililiziba kwa gunia, juu ya gunia nikagongea khanga kuukuu. Upenyo kati ya ukuta wa nje na bati niliujaza matambara, tundu hadi tundu, nimesimama juu ya kinu. Chini ya mlango wa nje nikalaza khanga iliyoloweshwa. Mdogo wangu aliyekuja kutoka Msowero kuwa somo wake, yaani wa kumfunda na kukaa naye ndani, alizunguka nyumba akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Dada, humu hata nzi akitaka kuingia apige hodi."

"Ndivyo ninavyotaka."

Mtoto akaingia. Sheria za mwali ni hizi: haonekani na jua, anainamisha uso, na hasemi na mtu isipokuwa somo wake, tena kwa kunong'ona. Kwa mtoto mwenye mdomo kama ule, wanawake wa mtaani waliona ni muujiza. Walikuja kila jioni kuimba, na naamini wengine walikuja kusikiliza ule ukimya.

Mwali anatakiwa anenepe. Kwa hiyo jiko halikuzimwa. Asubuhi uji wa karanga, mchana wali na kuku, jioni ugali na kitu cha kuambatana nao, na katikati hapo waimbaji nao wanataka chai. Jiko langu ni la kuni, liko chini ya bati lilelile, ukuta mmoja tu na chumba cha mwali.

Akaanza kukohoa. Siku ya kwanza kidogo, siku zilizofuata zaidi. Mimi nilitoka nje, nikashika kiuno, nikaitazama miwa na kuitukana. Nikaongeza matambara. Akakohoa zaidi. Nikailowesha tena ile khanga ya mlangoni. Akakohoa zaidi. Mdogo wangu akasema labda kuna tundu tumelisahau, tukalitafuta kwa mshumaa, tukiangalia mwali wa moto unapoyumba. Haukuyumba popote. Kazi yangu ilikuwa safi.

Mara kiwanda kikasimama. Mtambo uliharibika, ikawa hakuna kukata, hakuna kuchoma. Anga ikawa buluu, tukaanika mashuka bila woga. Majirani wote wakapona vikohozi vyao. Mwali wangu ndiyo kwanza kifua kinapiga mluzi.

"Basi huu si moshi," mdogo wangu akasema. "Ni baridi ya sakafu."

"Nami naona hivyo."

Nikaongeza kuni jikoni ili ukuta upate joto. Nilikuwa nakaanga vitunguu vya mchuzi wa mchana, mdogo wangu ananipondea nyanya, tunaimba wimbo wetu wa utotoni. Ndipo ilipotoka sauti ng'ambo ya ukuta, nyembamba, imechoka, lakini ina jeuri ileile:

"Bibi. Moshi wa miwa hauna vitunguu."

Mdogo wangu akaangusha nyanya. "Mwali anasema! Dada, mwali anasema na watu!"

"Huu una vitunguu," sauti ikaendelea. "Jana ulikuwa na dagaa. Juzi mliunguza maharage, nikayajua kabla yenu."

"Wewe, somo wako yupo! Mwambie yeye!" nikafoka.

"Nimemnong'oneza tangu juzi. Anasinzia."

Nikainua macho. Kuta za ndani za nyumba zetu hazifiki juu. Zinaishia kimo cha mtu na mkono wake, na kati ya hapo na bati ni wazi, ili vyumba vipumue pamoja. Nimeishi chini ya bati lile miaka yote bila kulitazama. Sasa nikauona moshi wangu mwenyewe ukipanda, ukigonga bati, ukitafuta upenyo wa nje kama ulivyozoea, ukikuta matambara, kisha ukigeuka taratibu, kwa adabu zote, na kumwagikia chumbani kwa mwali. Tulikuwa tumeufungia moshi njia zote isipokuwa ile ya kwenda kwake.

Nikamwaga maji jikoni. Jiko likatoa mvuke na moshi wa mwisho, mkubwa kuliko yote, nao ukaenda kulekule. Nikamsikia mtoto anavuta pumzi na pumzi haiji.

Tulipofungua mlango alikuwa amekaa ameshika magoti, midomo imepauka, shingo inaingia ndani kila akivuta. Nilikimbilia kabatini. Vikombe vya wageni viwili vilianguka na sikuvihurumia. Nikampa kipampu, akakibonyeza, dawa ikaishia kwenye ulimi, maana hakuwahi kujifunza vizuri, na aliyemzuia kujifunza ni mimi.

Mungu si mchoyo. Mwanangu wa kiume, mjomba wake, fundi wa magari Mikumi, alikuwa ndiyo kwanza anasimamisha pikapu yake uwanjani. Alikuwa ametuletea mzigo wa kuni za sherehe.

"Tupa kuni hizo!" nikamwambia.

"Shikamoo mama. Nimezitoa mbali—"

"Marahaba. Tupa!"

Mdogo wangu akasimama mlangoni, ametandaza mikono yake miwili. "Dada, hajatimiza siku zake. Jua litamwona."

"Jua limeona mengi. Mfunike."

Tukamfunika khanga juu ya khanga, kichwa mpaka kisigino, tukabakiza kidirisha cha pua. Tukampakia mbele, sisi wazee tukapanda nyuma. Hapo ndipo barabara nzima ya Ruhembe ilipotuona tunapita na mwali aliyefunikwa, na nani angewazuia? Wanawake waliacha ndoo bombani wakapiga vigelegele. Mmoja alitukimbilia akicheza, akaturushia sarafu, akapiga kelele, "Mbona hamkutualika!" Mdogo wangu alikuwa analia na wakati huohuo anapunga mkono, kwa sababu ukipigiwa vigelegele huwezi kukaa kimya.

Kituo cha afya tulikuta daktari mwanamke, kijana, kavaa ndala na koti jeupe. Akanisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba, akanyoosha mkono kufunua khanga. Mdogo wangu akamshika mkono huo.

"Mwali haonwi uso, mwanangu. Mpime hivihivi."

Daktari akatutazama. "Ninyi wenyeji wa wapi?"

"Milima ya Kilosa."

"Aaah!" Akacheka mpaka nikaona magego. "Kumbe watani zangu! Mimi Mnyamwezi wa Tabora. Mtani haombi ruhusa." Na khanga zote akazivuta kwa mkupuo mmoja, kama anamenya muwa.

Mdogo wangu akauachia mkono ule, maana hiyo ndiyo sheria iliyo juu ya sheria nyingine. Mtani hufanya lile ambalo ndugu haruhusiwi. Atacheka kwenye msiba wako, atabeba kuku wako mchana kweupe, na wewe utamshukuru.

Wakamfunika mtoto pua na mdomo kwa kile kifuniko chenye mrija, mashine ikanguruma, mvuke wa dawa ukaanza kwenda. Nilisimama ukutani. Sikuomba kwa maneno. Niliyatazama mabega yake tu. Yalipanda, yakashuka, yakapanda, kisha yakaanza kupanda kidogo kidogo, hatimaye yakatulia kama mabega ya mtu yeyote. Akafungua macho, akanitafuta, akanikonyeza. Mwali, kukonyeza!

Daktari akauliza amekuwa wapi. Nikamweleza chumba, gunia, matambara, ukuta, jiko. Sikuficha hata tambara moja. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Watani, nisaidieni. Mlikuwa mnaweka mwali au mnakausha samaki?"

Mwanangu, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha, akacheka kwa sauti. Nikamtazama, akaenda kukagua tairi za pikapu.

"Moshi wa miwa unamuumiza kweli," daktari akasema, "hilo mko sawa. Lakini kifua hakichagui moshi wa shambani na wa jikoni. Wote kwake ni moshi. Na kipampu? Mbona hatumii?"

"Kitamzoea," nikasema.

"Bibi, hiyo miwani uliyovaa umeanza lini?"

"Zamani."

"Ukiivua unaona?"

"Sioni."

"Basi imekuzoea. Ilete niitupe."

Nilijishika miwani. Kisha nikamwambia, "Nifundishe na mimi."

Akatukabidhi vipampu viwili, kimoja cha kutumia kila siku hata akiwa mzima, kingine cha kifua kikibana. Akachukua chupa tupu ya maji ya kunywa, akatoboa tundu kitako, akachomeka kipampu mle. Unabonyeza, dawa inajaa chupani, unaivuta kwa mdomo wa chupa taratibu, inafika kifuani badala ya kuishia ulimini. Akamfundisha mtoto mpaka akaweza, halafu akanifundisha mimi, halafu mdogo wangu, ambaye alisema ina ladha mbaya kuliko dawa ya minyoo.

"Acheze?" nikauliza. Hilo ndilo nililokuwa nataka kulijua.

Mtoto akainua kichwa.

"Acheze," daktari akasema. "Avute dawa kwanza. Akibanwa asimame, avute tena, apumzike. Na asicheze kwenye moshi. Hilo la mwisho sitanii."

Tulirudi nyumbani, nikang'oa matambara yote. Jiko nikalihamishia uani, chini ya turubai, mbali na ukuta. Mtoto akarudi ndani, dirisha wazi nusu, na pumzi zikawa nzuri. Tukadhani tumemaliza.

Kumbe mtambo wa kiwanda nao ulipona. Wakataji wakarudi, na jirani akatuletea habari kwamba shamba linalopakana na nyumba yangu ndilo litakalochomwa wiki ya kumtoa mwali. Nilikwenda kwa nyapara wa shamba, nikamwuliza siku gani hasa. Alinipokea kwa heshima zote, akanipa kiti.

"Mama, siku naletewa na upepo. Ukivuma vizuri tunachoma. Nikikutajia siku nitakuwa mwongo."

Jibu la haki lilikuwa hilo, na halikunisaidia. Kusogeza siku mbele hatukuweza, shule zilikuwa zinafunguliwa. Tukakaa uani: mimi, mdogo wangu, mwanangu. Mwali alikuwa dirishani, anajifanya hasikii.

"Abebwe," mdogo wangu akasema. "Mjomba wake huyu hapa ana mabega."

Kutoka dirishani kikasikika kitu kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Tumpeleke kwa mama yake, Magomeni," nikasema mimi. "Kilosa hakuna miwa ya kuchoma. Acheze kule."

"Dada, mwali hutokea mlango alioingilia. Mama yetu alitokea alipoingilia, sisi tulitokea tulipoingilia. Akitokea mlango mwingine ni mgeni aliyekuja kutembea, si mwali aliyetoka."

Hilo nalo ni kweli katika ukoo wetu, sikuweza kulikataa. Mwanangu alikuwa anakula ndizi, anautazama mlango wa nyumba yangu kwa lile jicho la mafundi, la kuona vitu vikiwa vipande.

"Kwani tatizo ni mlango?" akauliza.

"Husikii? Ni mlango."

"Mama, mlango si mti, haujaota. Una bawaba." Akamaliza ndizi yake. "Bisibisi iko kwenye gari."

Mdogo wangu akautazama mlango, akanitazama mimi. Nikamwona anatafuta katika mafunzo yote ya bibi zetu mahali palipokatazwa mlango kusafiri. Hakupaona.

"Mlango alioingilia ni ule ule," akasema hatimaye. "Hata ukiwa Kilosa."

Dirishani mtu akacheka, akajiziba mdomo.

Basi ndivyo tulivyoondoka Ruhembe asubuhi na mapema, mlango wa mbao wa nyumba yangu umesimamishwa nyuma ya pikapu, umefungwa kamba huku na huku, na mwali amefunikwa chini ya turubai na somo wake. Nyumba niliiachia gunia mlangoni na jirani wa kuiangalia. Aliyetaka kuiba angekuta majivu.

Tulipita Mikumi wakati magari makubwa yanajipanga barabarani. Nyani waliokaa kando ya lami walitutazama, na mmoja mkubwa akasimama kwa miguu miwili, nadhani hakuwahi kuona mlango unakwenda wenyewe. Mbele kidogo askari wa barabarani akatusimamisha.

"Shikamoo mama. Mnahama?"

"Marahaba. Hatuhami, tunatoa mwali."

"Mwali yuko wapi?"

"Huyo hapo chini ya turubai."

"Na mlango?"

"Wake."

Alifikiri kidogo. Ni dhahiri alikuwa na mama, tena wa upande wetu. "Haya, mama. Fungeni kamba vizuri," akasema, akatupisha. Tukaingia barabara ya Kilosa, hewa ikawa ya majani mabichi, na chini ya turubai nikamsikia mtoto anavuta pumzi ndefu ya kusudi, anaijaribu.

Magomeni uwanja ulikuwa umejaa. Binti yangu alikuwa ameshona sare za kitenge, wapiga ngoma walikuwa wanakausha ngozi za ngoma juani. Tukautelemsha mlango. Mwanangu na kijana mmoja wakausimamisha mbele ya nyumba ya binti yangu, wameushikilia huku na huku, wametoa jasho, na watu wakauliza ni mlango gani huo, tukawaambia, wakaona ni sawa. Nyuma ya mlango mtoto akavuta dawa yake kwenye chupa kama alivyofundishwa. Kisha somo wake akabisha hodi kutoka ndani, sisi tukaitikia karibu, mlango ukafunguliwa na mwali akatokea.

Sitaeleza vigelegele. Khanga ikavutwa, akainua uso, akaanza. Aling'aa. Alianza taratibu kama alivyofundwa, mabega kwanza, kiuno, halafu miguu ikaichukua ngoma, na nusu ya uwanja aliimaliza mimi nikiwa sijakaa chini. Nilikuwa sitazami miguu. Natazama shingo, pale inapoingia ndani.

Alipofika upande wa mbali nikaiona inaingia. Mara moja. Mara ya pili. Mjomba wake naye aliiona, maana aliacha mlango, akaja mbele yake, akachuchumaa na kumgeuzia mgongo. Wapiga ngoma wakapunguza. Watu wakasema taratibu, abebwe, abebwe, si neno. Binti yangu akaziba uso. Mimi nikasimama kumwambia mtoto panda, hakuna atakayekulaumu.

Hakupanda. Alisimama wima katikati ya uwanja, akanyoosha mkono kwa somo wake, akapewa chupa. Mbele ya watu wote, mbele ya wavulana waliokwea ukuta, mbele ya wasichana wa rika lake wenye simu mikononi, akaiweka mdomoni, akabonyeza, akavuta, akashikilia pumzi.

"Jamani, mwali anakunywa chupa tupu!" msichana mmoja akapaza sauti, wenzake wakaangua kicheko.

Mtoto hakuharakisha. Akavuta tena. Akasubiri. Akaitoa chupa, akamtazama yule msichana.

"Ina hewa ndani. Unataka nikubakizie?"

Wakacheka upya, safari hii upande wake. Mpigaji ngoma kubwa, mzee aliyekuwa amepumzisha fimbo zake begani, akasema, "Sisi tunakungoja wewe tu, mama." Akangoja. Uwanja mzima ukangoja, mwanangu bado amechuchumaa kama chura, mpaka mtoto akamgonga begani kwa kidole.

"Mjomba, unaniziba njia."

Akaruka pembeni, ngoma ikalipuka, na mjukuu wangu akauzunguka uwanja uliobaki mpaka akarudi alipoanzia. Vigelegele vyangu nilivipiga, nikakohoa, nikavipiga tena.

Baadaye walimkalisha mkekani na sinia ya wali na kuku. Nikaenda nikakaa nyuma yake. Watu walikuwa wengi, kila mmoja ana lake, kwa hiyo hakuna aliyeniona nilipoinama na kulaza sikio langu mgongoni kwake, kwenye kitenge kilicholowa jasho. Nilisikiliza upande wa kulia, nikasikiliza wa kushoto. Mluzi hakuna. Moyo unakwenda mbio kwa furaha, na wali unashuka.

"Mke mkubwa," akasema mdomo umejaa, "unanipima au unanikumbatia?"

"Kula," nikamwambia, na sikio sikuliondoa.